Silinda ya YZ yangu imechubuka: niitie slivu?

Swali: "Nina skrambula, pikipiki ya njia mbovu, Yamaha YZ125 ya mwaka 2008, niliinunua hapa Nairobi ikiwa imeshatumika. Desemba tuliipakia kwenye pikapu tukashuka nayo Kilifi kuendesha mchangani. Siku ya pili ikajamu ghafla nikiwa gia ya nne. Fundi wangu, ambaye kazi yake kubwa ni boda, amefungua akakuta mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi. Anasema silinda imekwisha na haichongeki, nimruhusu aitie slivu ya chuma, yaani bomba la chuma linalokaa ndani ya silinda, maana 'chuma ni chuma, hiyo alumini yenu ni ya kuchezea.' Tayari ana slivu ya pikipiki ya Boxer anayotaka kuikereza iingie. Rafiki zangu wengine wanasema slivu itaua nguvu ya injini, wengine wanasema mpako wa nikeli uliomo ndani ya silinda hii hauiwezi petroli ya huku. Sina uwezo wa kununua silinda mpya kila mwaka. Nifanye nini?"

Pole kwa yaliyokupata. Kabla ya yote, mpigie fundi simu umwambie silinda hiyo asiiguse na mashine yoyote kwa sasa. Silinda iliyochubuka ina njia nne au tano za kurudi barabarani. Ikishatanuliwa kwa ajili ya slivu, inabaki na njia moja tu.

Nimeuelewa wasiwasi wako: ukimsikiliza fundi unaogopa kuua injini, usipomsikiliza unaogopa kufilisika. Tuanze na fundi, kwa sababu mtu huyu hasemi upuuzi. Pikipiki anazozifungua kila siku zina silinda ya alumini yenye slivu ndani yake. Watu huiita ya chuma cha pua, lakini nyingi ni chuma cha kutupwa, kile cha kijivu chenye chembe za kaboni ndani, na chembe hizo husaidia kushika oili. Slivu ikilika, inachongwa kidogo, inawekwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, mwakani 0.50, kisha 0.75, mpaka moja. Ndiyo maana boda iliyotembea miaka kumi bado inabeba abiria watatu na gunia la mkaa. Skrambula za zamani za mashirika na za wakaguzi wa mashamba, kama Yamaha AG100 na Honda XL125, ni hivyo hivyo. Kwa injini za namna hiyo fundi wako yuko sahihi kabisa.

Yako imejengwa kwa namna nyingine. Ndani ya silinda ya YZ hamna slivu. Kuna alumini, na juu ya alumini kuna mpako wa nikeli uliochanganywa na chembe ndogo mno za silikoni kabaidi. Kampuni ya Mahle ya Ujerumani ndiyo iliyoutoa mpako wa aina hii mwaka 1967 kwa jina la Nikasil. Mwanzoni ulikusudiwa injini ya Wankel, ile ya kuzunguka isiyo na pistoni, ya gari la NSU, ndipo ukasambaa kwenye magari ya mashindano na pikipiki. Silikoni kabaidi unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina: ndiyo ile chenga nyeusi ya kwenye msasa wa maji wanaotumia wapiga rangi wa magari. Ringi za pistoni yako haziigusi alumini hata siku moja. Zinapita juu ya ukuta mgumu kuliko slivu ya chuma cha kutupwa iliyo kwenye meza ya fundi wako. Kwa hiyo hilo la "alumini ya kuchezea" liweke kando.

Udhaifu wa mpako ni wembamba wake. Mara nyingi hauzidi sehemu saba au nane za mia za milimita moja, unene wa unywele hivi. Hauchongwi kwenda saizi ya juu kwa sababu hakuna cha kuchonga. Hili nililijifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Miaka yangu ya mwanzo nilipeleka silinda ya skrambula kwa mkereza mmoja bila kumweleza ni ya aina gani, na yeye hakuuliza. Kisu cha mashine kilipogusa ukuta kilipiga kelele kama kijiko kwenye sahani, ncha ikakatika. Akabadilisha kisu, akaongeza nguvu. Kilipopenya, mpako ukaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake alumini laini, nyeupe. Mwenye pikipiki alinunua silinda nyingine, nami nilichangia.

Sasa tuje kwenye silinda yako. Sina hakika kama imekwisha, na nina shaka kwamba fundi naye anayo hakika hiyo. Pistoni ikinasa, kinachoyeyuka kwanza ni pistoni, kwa kuwa ni alumini na ndiyo yenye joto zaidi. Alumini hiyo inajipaka ukutani na kuacha mistari mirefu ya kijivu inayofanana kabisa na mikwaruzo. Aliyezoea slivu ya chuma akiiona atasema ukuta umechimbika. Mara nyingi haukuchimbika. Umepakwa uchafu wa pistoni, na chini ya uchafu huo mpako mzima unakusubiri.

Namna ya kujua ni hii. Pitisha ukucha polepole kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine. Ukikwama kwenye kitu kilichoinuka, hiyo ni alumini ya pistoni. Ukidumbukia kwenye shimo lenye kingo kali, hapo kuna neno. Kisha chukua asidi ya haidrokloriki, ile ya hadwea ya kusafishia vigae, uipakaze kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, juu ya mistari tu. Fanya kazi hiyo nje penye upepo, uvae glavu na miwani, na isikutane na jiki hata tone, kwani hewa inayotoka hapo inaua. Alumini itatoa povu. Subiri kidogo, futa, suuza kwa maji mengi, rudia. Povu likikoma na ukuta ukabaki laini, mpako ni mzima. Sehemu ikiendelea kutoa povu na kuchimbika, acha mara moja: hapo mpako haupo tena na asidi inaila silinda yenyewe. Usiiache imwagikie nje ya silinda wala kwenye uso wa gasketi. Ukimaliza, osha kwa maji na sabuni, sugua wepesi kwa kitambaa cha nailoni cha kusugulia, kisha chunguza kwenye mwanga wa jua kuzunguka kingo za madirisha, yaani matundu ya ukutani yanayopitisha petroli na moshi, hasa dirisha la ekzosi. Mpako ukianza kubanduka huanzia hapo.

Kama bado mnabishana juu ya aina ya silinda, chukua sumaku ndogo. Kwenye slivu inang'ang'ania kama kupe. Kwenye mpako inavutwa kidogo tu au haivutwi kabisa; nikeli nayo hupenda sumaku, ila hapo ni chache mno.

Ikiwa imesafika, peleka silinda kwa mtu mwenye kipimo cha ndani na mikromita, apime juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa ndani ya vipimo vya kitabu cha Yamaha, unahitaji pistoni na ringi, basi. Angalia herufi za saizi ya pistoni. Silinda za mpako hazina 0.25 wala 0.50; pistoni zake hupangwa kwa herufi, A, B na kuendelea, zikipishana kwa sehemu chache za mia za milimita au pungufu ya hapo. Muuza duka akikuambia "zote ni sawa, ni milimita 54", mwombe mikromita.

Tuseme sasa haikusafika, mpako umetoka. Hapo ndipo swali la slivu linapokuwa swali la kweli, na jibu lake limo kwenye joto.

Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa. Chukua slivu yenye kipenyo cha nje cha milimita 60. Joto likipanda nyuzi 100, tundu la alumini lililoishika linatanuka milimita 0.13, slivu yenyewe 0.066. Maana yake ukuta unaikimbia slivu kwa karibu 0.066. Fundi akiwa ameibana kwa 0.05 tu, injini ikishika moto slivu inabaki haina wa kuishika. Kwa kweli slivu huwa moto kuliko alumini inayoizunguka, kwa hiyo hali ni nafuu kidogo kuliko hesabu, ila si ya kuchezea bahati. Slivu ikilegea unaingia mwanya wa hewa, joto halitoki kwenda kwenye maji ya radieta, na chuma cha kutupwa chenyewe hupitisha joto kiasi cha theluthi moja tu ya alumini. Pistoni inapikwa. Na kwenye injini ya mipigo miwili kama yako kuna balaa la pili: slivu ikizunguka hata kidogo, madirisha yake hayalingani tena na njia za silinda, ringi inanasa kwenye ukingo, na mchezo umeisha.

Slivu huingizwa hivi: silinda inapashwa kwenye oveni hadi nyuzi 200 hivi, slivu inalala kwenye friza, kisha inadondoshwa ndani kwa mkono, mara moja, madirisha yakiwa yamelengwa. Kwenye joto hilo tundu limefunguka karibu robo milimita, kwa hiyo haihitaji nguvu. Ukiona mtu ameshika nyundo na kipande cha mbao, chukua silinda yako uondoke.

Baada ya hapo kuna nafasi kati ya pistoni na ukuta, na hapa ndipo slivu nyingi nzuri zinapouawa. Silinda yako ya asili inapanuka pamoja na pistoni, kwa kuwa zote ni alumini, ndiyo maana kiwandani zinafungwa kwa kubana sana. Joto likipanda nyuzi 80, tundu la milimita 54 la alumini linaongezeka kama 0.095, la chuma cha kutupwa kama 0.048. Pistoni haijui kwamba umebadilisha ukuta. Inavimba vile vile. Fundi akichonga slivu kwa nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha YZ, ambacho kinazungumzia silinda ya mpako, itajamu tena, na safari hii utaona alama pande nne za pistoni. Lazima aongeze nafasi kidogo, na kiasi chake akichukue kwa mtengenezaji wa pistoni au wa slivu, asikikisie. Ukitaka kujua kama fundi anaijua kazi ya slivu, muulize swali hilo moja: utaacha nafasi kiasi gani, na kwa nini zaidi ya ya kitabu?

Hiyo slivu ya Boxer ikatae tu. Boxer ni ya mipigo minne. Slivu yake haina dirisha hata moja. Atayakata kwa grainda? Urefu na upana wa madirisha ndio unaoamua nguvu ya injini yako inaanzia wapi na kuishia wapi, na YZ ina vali ya ekzosi inayopita karibu sana na pistoni. Slivu isiyokatiwa nafasi ya vali hiyo itagongana nayo. Wanaokuambia slivu inaua nguvu, wengi wao wameziona slivu za namna hii. Slivu iliyotengenezwa kwa injini husika, madirisha yake yakalinganishwa na njia za silinda na kingo zikapunguzwa ukali, huleta tofauti ndogo ambayo mtu anayeendesha Jumapili hataisikia. Hata hivyo inapunguza njia ya joto, inaongeza uzito, na alumini iliyokatwa ili iingie inabaki nyembamba kati ya dirisha na dirisha.

Sasa niweke maoni yangu wazi. Kwa pikipiki yako, mpako ukiwa umetoka, ningeanza kutafuta silinda iliyotumika yenye mpako mzima. YZ125 ni pikipiki ya wengi, injini yake haikubadilika sana kwa miaka mingi, na watu huuza pikipiki kwa vipande. Linganisha tu namba ya silinda kabla ya kulipa. La pili ni kuituma silinda ikapakwe upya. Mpako wa zamani unaondolewa, mashimo yanajazwa kwa kuchomelea alumini, tundu linanyooshwa, linapakwa, kisha linasuguliwa kwa mawe ya almasi hadi saizi ya pistoni yako. Plymouth, Wisconsin, nchini Marekani, kuna Millennium Technologies wanaofanya kazi hiyo, na Uingereza pia ipo. Gharama inayouma ni usafiri na ushuru, kwa hiyo wenye skrambula wajanja hukusanya silinda tatu nne wakatuma mzigo mmoja. La tatu ni silinda mpya ya kampuni nyingine. Athena ya Italia hutengeneza zenye mpako. Piga hesabu kamili kabla ya kuamua, kwa sababu mara nyingine kutuma na kurudisha kunakaribia bei ya mpya.

Slivu naiweka ya nne kwako. Ningeipandisha hadi ya kwanza kwa mtu mwenye skrambula ya zamani ambayo silinda yake haipatikani tena, au anayeishi mbali na anataka injini inayoweza kuchongwa na mkereza wa mji wowote, mradi aiendeshe taratibu. Huyo akiwa na slivu halisi na mtu anayejua kuiingiza, ana chombo cha miaka mingi. Wewe unaipiga gia ya nne kwenye mchanga, mafuta umeyafungua yote. Mazingira hayo ndiyo yanayofichua kila kosa la slivu.

Kuhusu petroli, hadithi hiyo ina mzizi. Katika miaka ya 1990, BMW na Jaguar walipata matatizo ya injini za magari zilizopakwa Nikasil, kwa sababu petroli yenye salfa nyingi ililiharibu tabaka la nikeli, hasa kwa magari ya safari fupi fupi ambayo injini haikuwahi kupata moto sawasawa. Skrambula haiishi maisha hayo. Inaendeshwa moto na inafunguliwa mara kwa mara. Katika silinda zote zilizobanduka nilizozishika, wauaji walikuwa vumbi, joto, na ringi iliyochelewa kubadilishwa.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakaloamua kama pesa yoyote utakayotoa itadumu: kwa nini ilijamu? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Kilifi. Bila shaka aliyekuuzia aliipangia kabureta jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, za Nairobi. Ukaishusha pwani, hewa nzito ikaingia, petroli ikabaki ile ile, na kwenye mipigo miwili petroli ndiyo inayobeba oili na kuipoza pistoni. Ongeza mchanga mzito unaoilazimisha injini kuvuta kwa nguvu muda wote. Alama zako ziko upande wa ekzosi, upande wenye joto zaidi, na hiyo inaendana na mchanganyiko mkavu, yaani uliopungukiwa petroli. Tazama plagi iliyotoka siku ile: ikiwa nyeupe kama chokaa, umepata jibu. Chunguza pia kama mchanga ulipita filta ya hewa. Futa ndani ya mpira wa kabureta kwa kidole chenye grisi uone kama kinarudi na chenga. Na mafundi wakague sili za krenki, maana sili inayovuta hewa hufanya kosa lile lile hata ukiwa Nairobi.

Mambo mawili usiyafanye mwenyewe, wala kwa kutazama video. Kabla pistoni mpya haijaingia, mtu mzoefu ashike mkono wa pistoni auvute juu na chini: ukicheza hata kidogo kwa mwelekeo huo, beringi ya chini imekwisha na krenki inatoka. Na ikiwa vipande vya mpako au ringi vimevunjika, vimeangukia kwenye kasha la krenki. Kasha lifunguliwe na kuoshwa lote. Kusuuza kwa petroli kupitia juu hakutoshi. Chembe hizo ni msasa, na zitaikwaruza silinda yoyote utakayoweka, ya mpako au ya slivu.

Ukishafunga, changanya oili kama Yamaha wanavyosema, sehemu 30 za petroli kwa moja ya oili, iache injini ipate moto kabla ya kuivuta, na iendeshe taratibu tangi la kwanza. Na mkipanga tena safari ya Kilifi, nunua meni jeti kubwa zaidi saizi mbili tatu uziweke kwenye boksi la spana. Anza na kubwa kuliko zote, usome plagi, ndipo ushuke.